Kufuga Bahari Katika Nchi ya Kahawa

Watu wa Mbozi waliopata kushuka pwani, ama kwa reli ya TAZARA ama kwa barabara kuu ipitayo katikati ya Vwawa kuelekea Tunduma, wakajaaliwa kuvuka kwa mashua kutoka Dar es Salaam hadi Mbudya au Bongoyo, au kutoka Unguja hadi Chumbe, kisha wakainamisha nyuso zao majini wakauona mwamba wa matumbawe pamoja na vitatange, kangaja na pono wajilishao humo, aghalabu hurudi huku juu na hamu moja isiyowatoka moyoni, nayo ni kuwa na kipande cha mandhari ile ndani ya nyumba zao. Hamu hiyo ni njema, nami si miongoni mwa wale waihesabuo kuwa anasa tupu. Kwani mtoto wa Vwawa, aliye mbali na bahari kiasi cha kilomita 900, ana haki ya kuyajua maisha ya majini sawasawa na mtoto wa Kunduchi, na sijaona kitabu kionyeshacho jinsi viumbe wanavyotegemeana kwa uwazi kama hodhi la kioo lililotunzwa vyema. Lakini nimeona pia kuwa wengi huianza kazi hii kutokea mwisho wake, wakanunua samaki kabla ya kuyajua maji, na hatima yake ni hasara ya fedha na mauaji ya viumbe wasio na hatia.

Ushauri wangu, ambao nitaueleza kwa urefu, ni huu: atakaye bahari katika nyanda hizi za juu na aanze na ziwa. Aweke kwanza mwamba wa Nyasa kwa maji matamu na samaki wa huko, na akishaumiliki kwa mwaka mzima, pamoja na baridi yake ya Juni na Julai na siku zake za kukatika umeme, ndipo atie chumvi. Mambo mengi ya hodhi la ziwa ndiyo yale yale ya hodhi la bahari, ila ziwa husamehe kosa ambalo bahari hulilipiza usiku ule ule.

Sababu ya bahari kuwa kali hivyo ni kwamba yenyewe, kwa ukubwa wake, haijui mageuzi ya ghafula. Maji ya mbele ya Mafia au Unguja huwa baina ya nyuzi 25 na 30 za joto takriban mwaka mzima. Na mwaka 1998, joto lilipozidi kidogo tu ya kawaida kwa majuma kadhaa, matumbawe mengi ya pwani yetu, hasa ya Mafia, yalipauka yakafa. Chumvi yake ni kama gramu 35 kwa kila lita, leo na kesho, kusi na kaskazi. Viumbe waliolelewa katika uthabiti wa namna hiyo hawakupewa silaha ya kupambana na mabadiliko, na lita 200 zilizofungwa ndani ya kioo hubadilika kwa saa chache: zikipoa usiku, zikipungua mchana, zikichafuka kwa punje za chakula zilizosahauliwa nyuma ya jiwe. Kwa hiyo kazi ya kila siku ya mwenye hodhi ni kuyazuia maji yasigeuke. Na huku Vwawa maji yana mambo matatu ya kuyageuza ambayo mfugaji wa Mombasa au Tanga hayamsumbui sana.

La kwanza ni kimo cha nchi yenyewe, nalo husahauliwa kwa sababu halionekani. Mji wetu umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi hata maji hayawezi kushika oksijeni kama yashikavyo pwani. Hupungua karibu sehemu moja katika sita. Tena maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu, na maji ya moto hushika kidogo kuliko ya baridi, basi mwenye hodhi la bahari Vwawa amekusanya sababu zote tatu za upungufu mahali pamoja. Dawa yake ni kuufanya uso wa maji usitulie kamwe, kwa pampu itupayo maji juu na kwa mawe ya kutoa mapovu, na zaidi ya yote ni kuweka samaki wachache kuliko wanavyoruhusu vitabu vilivyoandikwa na watu wa nchi za tambarare. Ukisoma kwamba hodhi lako latosha samaki sita wa bahari, weka wanne. Samaki akipanda juu alfajiri akawa anapumua kwa haraka karibu na uso wa maji, usimtafutie ugonjwa kabla hujatazama mapovu.

La pili ni baridi. Nyumba nyingi za Vwawa hazina kitu cha kutia joto vyumbani, na usiku wa Julai ukuta wa matofali hupoa hata ukiugusa kwa mkono wauhisi. Hodhi la lita 200 litakalo kudumu katika nyuzi 25 huhitaji vipasha maji vya umeme vyenye jumla ya wati 300 hivi, na ninasisitiza kuwa viwe viwili vya wati 150 kila kimoja. Kwani kipasha maji hufa kwa njia mbili, ama kwa kuzimika ama kwa kukwama kikiwaka, na kile kikubwa kikikwama huwapika samaki wote kabla hujarudi kutoka kazini, ilhali kidogo hakina nguvu ya kufanya madhara hayo, na mwenzake akizimika chaweza kushikilia joto kwa siku moja au mbili. Kipimajoto kiwe upande ulio mbali na vipasha, nawe ukitazame asubuhi na jioni.

La tatu ni umeme. Ukikatika, wengi huhangaikia joto na taa, na hapo hukosea, maana hodhi lililofunikwa kwa blanketi hupoa polepole, na taa haiombwi na yeyote kwa siku nzima. Kitakachowaua samaki ndani ya saa chache ni kusimama kwa maji na kwisha kwa oksijeni. Kabla hujanunua pambo lolote, nunua pampu ndogo ya hewa itumiayo betri, na ukiwa na uwezo, betri ya sola na kigeuzi cha umeme, vitu ambavyo maduka ya Tunduma huviuza kila siku kwa watu wa redio na televisheni. Pampu iunganishwe hapo, vipasha na taa vibaki kwenye umeme wa kawaida. Wakati wa giza usiwalishe samaki hata punje moja, kwa sababu chakula hula oksijeni wakiwa wamekila na wakiwa wamekiacha.

Sasa tuje kwenye hodhi lenyewe. Fundi wa vioo na madirisha ya alumini aliye hodari aweza kulitengeneza hapa hapa, urefu sentimita 100, upana 50 na kimo 45, ambalo likijazwa hadi ukingoni huchukua lita 225. Kioo kiwe cha milimita 10, kingo zake zisagwe zisikate mikono, na silikoni iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo huyeyuka majini. Likishakauka kwa juma zima, lijaze maji barazani na uliache juma la pili kabla hujaliingiza ndani. Ni afadhali livujie saruji kuliko kulivujia zulia. Likiwa na maji, mawe na mchanga huwa na uzito wa kilo 300 hivi, basi meza ya kawaida haifai. Meza ya mninga iliyoungwa imara, au ya chuma kilichopakwa rangi vizuri, ikae juu ya sakafu ya saruji, kando ya ukuta usiopigwa na jua, mbali na mlango wa jikoni. Baina ya meza na kioo tandika tabaka ya povu, ili kokoto moja iliyosahaulika isiwe sababu ya ufa. Nyaya zote zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Kuhusu mawe, watu wa mkoa huu wamebarikiwa kwa jambo wasilolijua thamani yake. Katika bonde la Songwe upande wa Mbeya mna miamba ya chokaa iliyojengwa na chemchemi za maji moto, na chokaa ya bonde hilo ndiyo ilishayo kiwanda cha saruji. Jiwe la namna hiyo lina matundu mengi, hufanya maji kuwa magumu kiasi, na kwa asili ya madini yake ni ndugu wa jiwe la tumbawe. Hivyo lafaa kwa Nyasa leo na lafaa kwa bahari mwakani. Lidondoshee ndimu au siki: likitoa povu ni chokaa. Chagua yasiyo na mishipa ya kutu wala rangi ya kijani, yasugue, yaloweke kwa majuma kadhaa huku ukibadilisha maji, ndipo uyapange. Na uyapange juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, si juu ya mchanga, maana samaki wa mawe hupenda kuchimba, na jiwe lililochimbwa misingi yake huanguka kwa uzito wake wote juu ya kioo.

Hodhi likishajaa na pampu ikizunguka, kazi inayofuata ni kungoja, na hapa ndipo subira ya watu hushindwa. Samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa uchafu wake, nayo ni sumu. Bakteria wasioonekana huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo nayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa katika matundu ya mawe, na hawapo siku ya kwanza. Tupia humo kipande kidogo cha nyama ya kamba au chakula cha samaki kioze, washa vipasha, na pima maji kila baada ya siku chache kwa vile vipimo vya matone vigeukavyo rangi. Utaona amonia ikipanda kisha ikishuka, nitriti ikipanda kisha ikishuka, na kwa kawaida muda huo ni majuma manne hadi sita, na huku kwetu ukiacha maji yapoe huwa zaidi. Siku ambayo amonia na nitriti zote zimesoma sifuri ilhali nitrati imeonekana, hodhi lako liko hai, japo halina samaki hata mmoja.

Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwenye pipa wazi siku mbili huku yakitiwa mapovu. Ya mvua ni mazuri kwa kuwa hayana madini, lakini yale ya mvua za kwanza hubeba vumbi na zinki ya mabati, basi ziache mvua kadhaa zioshe paa kabla hujakinga. Na kuna hatari moja ihusuyo nchi ya kahawa ambayo sijaiona ikitajwa ipasavyo. Wakulima wetu hupiga mibuni dawa zenye shaba, ambazo wengine huziita kopa, ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Na shaba, hata iwe kidogo kiasi kisichoonekana wala kuonjeka, huua kamba, konokono, kaa na matumbawe. Ndoo iliyowahi kuchanganyia dawa isiingie katika kazi ya hodhi hata ikisuguliwa mara mia, na mkono uliotoka shambani uoshwe kwa maji mengi hadi kwenye kiwiko. Kadhalika dawa ya kunyunyizia mbu: pampu ya hewa huinyonya chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini. Tumia chandarua.

Nimesema tuanze na Nyasa, na sasa nitoe sababu ambayo si ya tahadhari peke yake. Upande wa mashariki wa Matema milima ya Livingstone huporomoka moja kwa moja ziwani, na mawe yake huendelea chini ya maji kama yalivyokuwa juu, na katika mawe hayo, hadi Lupingu, Liuli na Mbamba Bay, huishi samaki wadogo waitwao mbuna, wa buluu iliyokolea, wa manjano, wa milia myeusi, ambao kwa rangi hawana la kuwaonea haya wale wa baharini. Nyasa ina mamia ya namna za samaki wa ukoo huu, na karibu wote hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Mmoja wao, mwenye pua ya nyama iliyofunika kinywa chake, amepewa na wataalamu jina la Fülleborn, tabibu Mjerumani aliyekusanya samaki wa ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19. Wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kuwapata, nasi tuko safari ya siku moja kutoka kwao, kwa njia ya Mbeya, Tukuyu na Kyela. Mtu asiye na nafasi ya hodhi kubwa aweza badala yake kutazama Tanganyika, ambako kwa njia ya Sumbawanga na Kasanga wapatikana samaki wafupi kuliko kidole wakaao ndani ya makombe matupu ya konokono, na hao hutosheka na lita 60.

Usiende ufukweni na wavu. Kuvua samaki wa mapambo na kuwasafirisha huhitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ofisi ya uvuvi ya wilaya ndiyo mahali pa kuanzia. Mvuvi aliyeruhusiwa atajua pia jinsi ya kuwapandisha polepole kutoka kwenye kina ili matumbo yao yasivimbe. Wasipewe chakula siku mbili kabla ya safari, wawekwe wachache wachache katika mifuko yenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, na mifuko iwekwe ndani ya sanduku la povu, kwani barabara hupita penye baridi kali juu ya Tukuyu. Ukifika Vwawa zima taa, elea mifuko kwenye hodhi hadi joto lilingane, kisha ingiza maji ya hodhi kidogo kidogo kwa saa nzima kabla ya kuwaachia.

Katika hodhi la kipimo nilichotaja, samaki kumi hadi kumi na wawili wa jamii mbili watatosha, dume mmoja kwa majike watatu au wanne, na mawe yafike karibu na uso wa maji ili anayefukuzwa apate pa kujificha. Mbuna hukwangua ukungu wa kijani uotao juu ya mawe, na utumbo wao mrefu umeumbwa kwa ajili hiyo; ukiwapa nyama na mafuta watavimba na kufa. Mchicha uliochovywa katika maji moto ukafungwa kwenye jiwe huwafaa kuliko kila kitu cha makopo. Kisha siku moja utamwona jike amesimama pembeni hali, taya lake la chini limejaa kama aliyeficha kitu, na ukisogeza jicho karibu na kioo utaona analitafunatafuna taya lile bila kumeza: amebeba mayai yake kinywani, akiyageuzageuza yapate hewa. Atakaa hivyo kama majuma matatu, akikonda, mpaka siku atakapofungua kinywa kwenye ufa wa jiwe na watoto wenye umbo kamili wakatoka. Usimsumbue, usimhamishe, usimpigie kioo. Aliyeliona jambo hilo nyumbani kwake hatauliza tena kama ziwa ni kitu cha daraja ya pili.

Mwaka ukipita hali maji yako hayajageuka, sasa yafaa tuzungumzie chumvi. Wapo wanaodhani kuwa chumvi ya Uvinza, iliyowalisha watu wa bara kwa karne nyingi, au ile ya mashamba ya Bagamoyo, yaweza kurudishwa majini ikawa bahari. Haiwezi, na sababu yake yapendeza kuijua. Maji ya bahari yakikaushwa juani, chokaa hutangulia kuganda na kutuama, kisha huganda chumvi ya kula, na magnesiamu hubaki katika maji machungu ya mwisho ambayo hukimbizwa mferejini. Basi kinachofungwa kwenye mfuko ni sehemu moja tu ya bahari, ilhali konokono na tumbawe hujenga miili yao kwa zile sehemu zilizoachwa. Kuna chumvi maalumu iliyochanganywa madini yote kwa kipimo, nayo huagizwa kutoka nje. Hodhi letu, likitolewa nafasi ya mawe, lina maji lita 180 hivi, yaani kilo sita na nusu za chumvi kwa mara ya kwanza, na gramu 650 hivi kila juma kwa kubadilisha sehemu ya kumi. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujanunua mfuko wa kwanza. Kuchota maji pwani si haramu kwa maarifa, lakini ya karibu na bandari ni machafu, na kila madumu kumi ya lita 20 yana uzito wa zaidi ya kilo 200 za kupandisha mlima wa Kitonga.

Chumvi huchanganywa katika pipa la plastiki lililo safi: maji kwanza, chumvi baadaye, wala si kinyume chake, na kamwe si ndani ya hodhi lenye viumbe. Pampu na kipasha maji vifanye kazi humo usiku kucha mpaka maji yaliyokuwa kama maziwa yawe maangavu kabisa, ndipo uyapime. Kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025 kwa nyuzi 25. Kisha chora mstari mwembamba kwenye kioo pale maji yalipofika. Upepo mkavu wa Agosti na Septemba utayapunguza kila siku, lakini kinachopaa ni maji, chumvi hubaki, basi upungufu hujazwa kwa maji matamu. Ajazaye kwa maji ya chumvi huongeza ukali siku hadi siku huku akidhani anatunza. Maji ya ziwa uliyoyabadilisha yamwagie bustani, ni mbolea. Ya chumvi yapeleke kwenye choo cha shimo, mbali na mibuni na kisima.

Samaki wa kuanza nao ni wawili wadogo wa rangi ya machungwa na pingu nyeupe, wale ambao porini hukaa katika anemoni, nao watafute waliozaliwa katika matangi ya wafugaji. Hawadai anemoni ili waishi. Ongeza konokono na kaa wadogo wakaao kwenye makombe, wasafishe mawe. Kitatange mwache baharini hata ukipewa bure, maana wengi wa jamii yake hula nyama laini ya tumbawe peke yake, na kwako atakufa njaa mbele ya chakula. Kangaja huhitaji mahali pa kukimbia.

Na matumbawe je? Tumbawe hai ni mnyama, na ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo impatiayo chakula kutokana na mwanga; hulazimu taa kali za buluu na nyeupe kwa saa nane hadi kumi, chokaa ipimwe kila juma, na joto lisitikisike. Maoni yangu ni kwamba kwa Vwawa ya sasa hodhi la mawe na samaki latosha, na anayeng'ang'ania matumbawe na aanze na yale laini yaliyokatwa kutoka katika hodhi la mfugaji mwingine. Matumbawe yote ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama, hivyo hayavuki mpaka, hata wa Tunduma, bila hati. Kuyavunja Mafia, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu 1995, au Mbudya na Bongoyo, zilizohifadhiwa tangu 1975, ni kosa la jinai.

Hata pasipokuwa na sheria ningewasihi wasomaji vivyo hivyo. Waingereza walipofundishwa na Philip Henry Gosse, katika miaka ya 1850, namna ya kuweka bahari ndani ya kioo, walimiminika ufukweni na ndoo na patasi, na mwanawe Edmund aliishi kushuhudia vidimbwi vya miamba alivyovijua utotoni vikiwa vitupu. Pwani yetu imekwisha kuteswa na baruti, makokoro na utupa; asiongezeke mpenzi wa uzuri katika safu ya waharibifu. Tena ufundi wa kweli hauhitaji mengi: Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mwaka 1961 jinsi alivyoweza kuweka hodhi la matumbawe kwa mawe hai, maji ya bahari, jua na mapovu ya hewa tu. Alikuwa na bahari karibu, nasi hatunayo, lakini somo lake kwamba jiwe lenye uhai husafisha maji kuliko mashine lafaa kote.

Limebaki la wanaozidi. Mbuna huzaa sana, na siku itafika ambapo hodhi halitoshi, na mtu mwenye huruma atashawishika kuwabeba watoto kwa ndoo akawaachie mtoni. Asifanye hivyo. Mito mingi ya Mbozi huteremka Rukwa, kwa Momba na kwa Songwe ya kaskazini, ilhali Songwe nyingine, ile iliyo mpaka wetu na Malawi, humwagika Nyasa. Na Rukwa ina samaki wake wa peke yake, wasiopata kukutana na wageni hawa wala magonjwa yao. Hata kuwarudisha Nyasa si halali ya maarifa, kwa kuwa kila mwamba wa ziwa lile una rangi zake, na samaki wa Matema akitupwa Liuli huchanganya nasaba zilizochukua zama kutengana. Wagawie jirani mwenye hodhi, au shule ya sekondari iliyo na mwalimu wa baiolojia apendaye kazi yake. Na kama hapana wa kuwapokea, tenganisha madume na majike katika mahodhi mawili.